Diski Ndogo Iliyonitenga na Juma

Nina miaka thelathini na mbili. Shule niliacha kidato cha pili, nikawa mtu wa kuhamahama, leo Mbagala, kesho Tandika... Wasomaji wenzangu, nawaandikia ninyi kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Juma ndiye aliyenipokea Buguruni. Alinigawia nusu ya kitanda chake na kunidhamini kwa mwenye nyumba, Bi Rukia, mama wa Kiarabu mwenye duka pale mbele.

Kompyuta nilijifunza kwa kuchokonoa tu. Bi Rukia alipotaka intaneti ifike vyumba vyote, nilimwambia asinunue ruta, kile kifaa cha kugawa intaneti. Ndani ya kompyuta ya dukani nilitengeneza kompyuta ya bandia, nikaipa programu ya ruta. Programu ile huja na diski yake ya bandia, yaani nafasi ya kuhifadhia, ndogo au kubwa, unachagua mwenyewe. Bando langu lilikuwa linaisha... nikapakua ndogo. Ikawaka! Nyumba nzima wakaniita fundi.

Kisha udadisi ukaniponza. Nikaiamuru iandike kumbukumbu ya kila kinachopita, nisome nijifunze. Diski ikaanza kujaa. Onyo nililiona kwa macho yangu! Nikasema nitafuta kesho.

Kesho yake binti wa Bi Rukia alikuwa anaolewa Muscat. Mama alikaa mbele ya simu, amejitanda, udi unafuka, aione ndoa ikifungwa. Diski ikajaa pomoni, ruta ikagoma... Nilipoirudisha, kule walishakula pilau.

Akauliza nani kaharibu. Nikasema Juma, kwa kuwa ndiye aliyezoea kuchaji simu kwenye kompyuta ile. Kwa nini sikusema ni mimi?

"Mwanangu, mie nimegusa lini?" Juma aliniuliza mimi, si Bi Rukia.

Alifukuzwa jioni ile. Nami nilifuta kumbukumbu tu, ruta nikaiacha iendelee kuandika. Diski sikuibadilisha, maana ningeulizwa sababu. Haikupita mwezi ikajaa tena, intaneti ikakatika.

Bi Rukia alikuja mlangoni, hakupaza sauti. "Juma hayupo. Leo kagusa nani?"

Nilimweleza yote. Akaniambia nitafute pa kwenda. Nilimpigia Juma, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Poa," akakata. Tangu hapo namba yake haipatikani kwangu...

Sasa nimepanga peke yangu Vingunguti. Mtandao wangu haukatiki, na hakuna anayeutumia ila mimi. Ndugu zangu, mkiweka kitu kama hiki, chagueni diski ya kutosha tangu mwanzo. Na ikijaa kwa uzembe wako, sema ni wewe, siku hiyohiyo, mwenzako akiwa bado hajafunga begi lake!