Tone Lililodhaniwa Chozi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Ngahuia alipiga magoti akamfunga mama yake kamba za viatu. Mama huyo, Parekura, alikuwa amekatazwa kuinama. Majuma mawili kabla, madaktari walipitisha vyombo vyao puani mwake, wakatoa uvimbe kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Walimwonya asipenge kamasi. Na maji maangavu yakidondoka puani, arudi siku hiyo hiyo.

Kisha mama mzazi wa Parekura akafariki dunia.

Ukoo ulikusanyika katika jumba la mababu. Wageni walisalimiana kwa kugusana pua, kama ilivyo desturi yao, lakini Parekura alitoa mkono tu, akaketi kando ya jeneza.

"Msimguse," binamu Tipene alitania. "Pua hiyo bado iko kwa fundi."

Kwao, kamasi ya msiba haifutwi, kama chozi lisivyofutwa. Ndiyo heshima ya marehemu. Hivyo pua ya Parekura ilipodondosha maji, shangazi walimsifu. "Mwacheni amlilie mamaye."

Ngahuia peke yake aliona kwamba macho ya mama yalikuwa makavu. Matone yalitoka tundu moja, maangavu kama maji ya chemchemi, kila alipoliinamia jeneza.

"Mama, hayo si machozi."

"Najua," Parekura alinong'ona, akijishika kichwa. "Tunamzika kesho. Nikishamtupia udongo nitakwenda hospitali. Usimwambie babu yako, mwanangu."

Ngahuia aliitunza siri hiyo mpaka chai ya jioni. Kisha akamwendea Babu Hemana, mume wa marehemu.

"Babu, mama anavuja puani. Si kilio."

Mzee alilitazama jeneza la mkewe, akamtazama binti yake. "Leta viatu vyake," akasema. "Anakwenda hospitali sasa hivi."

Ngahuia alimfunga mama kamba. Parekura hakumtazama. "Umeninyima mama yangu," alisema.

Mazishi yalifanyika bila yeye. Siku hiyo hiyo madaktari walipita tena puani, wakaziba kitundu kilichokuwa kikivujisha maji ya ubongo, kabla vijidudu havijapanda humo.

Siku ya tatu Parekura alifumbua kinywa. "Nani alimtupia udongo kwa niaba yangu?"

"Mimi," Ngahuia alijibu. "Kwa mkono huu."

Parekura aliushika mkono huo, akauweka shavuni, akalia kwa macho yote mawili.

"Mjukuu wangu," alisema Babu Hemana, "siri hutunzwa, lakini ugonjwa si siri ya kutunza. Akupendaye husema kweli hata ikikuliza. Juma hili nimezika mmoja. Wewe umeninusuru nisizike wawili."