Mfalme Aliyeuawa na Insha

Kila Jumatatu, kipindi cha kwanza, madawati ya darasa la saba yalisukumwa ukutani ili katikati ibaki nafasi tupu. Wanafunzi waliiita machinjioni. Hapo mwalimu wa fasihi, ambaye kwa siri walimwita Wembe, alichagua insha moja na kuamuru iigizwe kama ilivyoandikwa, neno kwa neno.

Jumatatu hiyo alichagua insha ya Chiriku. Msichana huyo alipewa jina hilo kwa kuwa hakujua kunyamaza. Wiki nzima alikuwa akitamba kwamba shule itakapoigiza tamthilia ya kale waliyokuwa wakiisoma, yeye ndiye atakayekuwa Mama Malkia. Nafasi hiyo Wembe alimwahidi atakayeandika insha bora.

"Pipa, simama. Wewe ni mfalme," Wembe alisema. "Igiza hii: 'Tangu dunia iumbwe, binadamu amekumbwa na matatizo mbalimbali.'"

Pipa, mvulana mnene asiye na haya, alitazama huku na huku. "Nikumbwe na lipi, mwalimu?"

"Mbalimbali."

Pipa akajishika tumbo, akajishika jino, kisha akashika kiuno kama bibi kizee. Darasa likaangua kicheko.

"'Mwandishi huyu mahiri ametumia lugha tamu na ya kuvutia.' Igiza utamu."

Pipa akalamba vidole.

"Sasa unafuata ukurasa mzima wa kutusimulia hadithi ambayo wote tumeisoma. Tuuruke. 'Mwishoni, kifo cha kusikitisha cha mfalme kinatufundisha tuache tamaa.' Haya, kufa."

"Nife na nini, mwalimu?"

"Muulize muuaji wako."

Macho yote yakamgeukia Chiriku. Katika tamthilia ile mfalme hafi. Anamfukuza mama yake mzazi ili awaridhishe mawaziri wake, kisha anaagiza chakula.

"Nani kakwambia mfalme anakufa?" Wembe alimuuliza.

"Kaka yangu," Chiriku alinong'ona. Kaka yake, fundi friji, alimtajia aya hiyo huku akikaza skrubu. Aliitumia zamani shuleni, kwa tamthilia nyingine kabisa. "Bandika tu," alimwambia. "Walimu wote wanaipenda."

"Na wewe tamthilia umeisoma?"

"Nimeisoma... mwanzo."

"Muuaji!" mtu alipaza sauti. Kufikia mapumziko hilo ndilo lililokuwa jina lake. Alipopita, wenzake walijiangusha chini ulimi nje. Aliyeanguka kwa mbwembwe kuliko wote alikuwa rafiki yake wa dawati moja. Hilo ndilo lililomchoma.

Alimfuata Wembe ofisini. "Mwalimu, naomba niandike upya."

"Andika. Wenzako wengi nao wamemuua mfalme, ila hawakujitangaza kama wewe. Nafasi bado iko wazi. Ukinichosha tena, utafagia jukwaa wao wakiigiza."

Mchana huo alikaa kibandani kwa mama yake, fundi cherehani. "Mama, nisaidie kuandika."

"Mimi nakushonea sare, mwanangu. Insha jishonee," mama alijibu bila kuinua macho.

Chiriku akaisoma tamthilia mpaka mwisho, akarudia. Akakwama mahali alipopapita mbio aliposoma mara ya kwanza. Mama Malkia yuko nje ya lango. Bawabu anamuuliza mfalme, "Nifunge?" Mfalme hajibu. Bawabu anauliza tena. Kimya. Lango linafungwa.

Akafuta ile "Tangu dunia iumbwe". Akaandika: "Mfalme anamfukuza mama yake kwa kunyamaza, ili kesho aweze kusema hakutoa amri." Chini yake akaweka swali la bawabu, akaeleza kwa nini linaulizwa tena.

Jumatatu iliyofuata waliiigiza. Pipa alikuwa mfalme, rafiki wa Chiriku bawabu, na Chiriku mwenyewe Mama Malkia, amesimama nje ya mlango wa darasa.

"Nifunge?"

Pipa alifungua kinywa atoe mzaha. "Insha inasema hujibu," Wembe alimkatiza.

"Nifunge?"

Pipa alitazama sakafu. Mlango ukafungwa, Chiriku akabaki peke yake koridoni. Alisubiri kicheko, hakikuja. Alisubiri afunguliwe, hakuna aliyefungua. Machozi yakamtoka bila kuitwa.

Hatimaye Wembe akaagiza mlango ufunguliwe. "Kilio hicho hakimo kwenye insha," alisema. Kisha akaligeukia darasa.

"Maneno yanayofaa kubandikwa kwenye kitabu chochote ni uongo, hata yakiwa fasaha. Yanajifanya yamesoma. Kaeni na kitabu mpaka muone kitu, halafu mtuonyeshe mlipokiona. Mwenzenu wiki iliyopita alisifu asichokijua, nanyi mkamcheka huku mmefanya vilevile. Leo amesoma, na mmenyamaza wote."

"Na nafasi, mwalimu?" Chiriku aliuliza.

"Ni yako. Futa kamasi."

Chiriku alijifuta kwa mkono wa shati. Rafiki yake alikuwa bado amesimama mlangoni, ameshika kitasa, hajui acheke au aombe radhi.

"Sogea, bawabu," Chiriku alimwambia, akapita.