Usipite na Moto Mlangoni Kwetu

Mlipuko ule uliwalaza watu chini pale Kariakoo. Vita vya Kagera vilikuwa havijatoka masikioni, na mchukuzi mmoja aliingia uvunguni mwa mkokoteni wake. Mauza, binti wa Mzee Abdulla mwenye duka, alijikuta amechuchumaa nyuma ya tenga la nyanya, buibui limemvuka, gauni lake la zambarau limejaa tope.

Gari kuukuu la mashindano, jekundu, lilikuwa limesimama mbele yake. Ekzosi ilikuwa bado inatoa ulimi wa moto.

"Samahani, bibie. Halina ubaya, linacheua tu."

"Linacheua moto? Umelilisha pilipili?"

Dereva akacheka, kicheko cha kumharibia mtu swaumu. Aliitwa Kitwana, fundi wa Gerezani, mtu wa Lindi. Alipouliza nyumbani ni wapi, Mauza akamwelekeza mpaka rangi ya mlango. Moyo ukishapenda hauna adabu.

Tangu hapo Kitwana akawa anapita Mtaa wa Sikukuu alasiri. Akifika mlangoni huzima swichi gari likiwa mwendoni, halafu huiwasha ghafla. Petroli iliyolimbikana ikalipuka kwenye ekzosi, paa! Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake, na Mauza hukimbilia dirishani.

Tena kulikuwa na simu ya dukani, Kitwana akijifanya mteja.

"Hallo, mna doti za kanga?"

"Zimekwisha. Jaribu kesho, Magogoni."

"Na muuzaji mwenyewe atakuwepo, laazizi?"

"Atakuwepo, mjinga wewe."

Huko Magogoni, wakila mihogo ya kukaanga, Kitwana aliapa kuleta posa.

Kisha petroli ikaadimika mjini. Asubuhi moja Mauza aliingia stoo kuchukua mchele, harufu ikamkaba koo. Chini ya turubai kulikuwa na mapipa, na moja lilikuwa linavuja. Petroli ilitambaa sakafuni, ikapita chini ya mlango mpaka mtaroni.

"Baba, petroli ndani ya nyumba?"

"Hujaona kitu," Mzee Abdulla alisema. "Serikali ikijua, nafungwa. Ukifungua mdomo, umenifunga wewe."

Mauza akahamishia jiko la mkaa uani kwa jirani. Kila aliyewasha sigara barazani alimtia baridi ya mgongo. Akapiga simu gereji.

"Kitwana, usipite tena mtaani kwetu."

"Nimekosa nini, mpenzi?"

"Usipite tu, nakuomba."

"Baba yako amesema nanuka grisi, siyo?"

"Siyo hivyo!"

"Basi sema."

Mzee Abdulla alikuwa amesimama karibu yake, tasbihi mkononi. Mauza akakata simu. Alimpenda baba yake, alimpenda Kitwana, na alijiona anawaua wote wawili kwa kunyamaza.

Ijumaa, watu walipokuwa wakitoka msikitini, alisikia ule mngurumo. Gari jekundu lilikuwa linakuja, limepigwa rangi upya. Kitwana alivaa shati jeupe, na kando yake mjomba wake, Mzee Awadhi, kanzu imenyooka. Walikuja kuposa. Kitwana alikuwa anatabasamu, mkono umeshazima swichi, ulimi wa moto wa salamu ukiwa njiani.

Mauza alitoka mbio pekupeku, bila buibui, akasimama mbele ya boneti.

"Usiwashe! Petroli imejaa ndani kwetu!"

Mkono wa Kitwana ukaganda. Gari likajikokota, likasimama magotini pa Mauza, kimya. Lakini mtaa mzima ulikuwa umesikia, na miongoni mwao mgambo wawili.

Walitoa mapipa moja moja. Mzee Abdulla akatolewa mwisho.

"Kumbe ndiyo hiyo?" Kitwana alisema. "Na mimi nikakuwazia mabaya. Nisamehe."

"Ningekuambiaje, na baba kasimama pale?"

Wakasukuma gari kwa mikono hadi kona. Mzee Awadhi akajifuta jasho.

"Binti, tumekuja kuposa. Sasa tuseme na nani?"

Mauza alimtazama baba yake akipandishwa Landrova.

"Muulizeni yeye, kama bado ananiita mwanawe."

Mzee Awadhi akaenda, akatoa salamu. Mzee Abdulla aliiitikia vizuri tu, kisha akageuza uso upande wa pili. Mauza akalia kwa sauti, na Kitwana, mbele ya mtaa wote, hakujua amshike au amwache.