Jeshi la Meza ya Pasi

Haya hayakunipata mimi. Yangenipata mimi, lile jeshi lingejuta, na wewe usingekuwa na cha kusoma. Yalimpata Dale Sugden, jirani yangu wa ghorofa ya tatu hapa mjini Rotherham, Jumapili moja ya Februari, saa tisa mchana, mvua ikinyesha ile ya kwetu isiyo na haraka.

Dale alikuwa na miaka ishirini na miwili na mdomo wa watu wanne. Shule aliiacha mapema, na walimu walifurahi kuliko yeye. Siku tano alipakia maboksi ghalani. Siku mbili zilizobaki alikuwa jemadari. Alicheza vita vya mezani: wanajeshi wa bati waliopakwa rangi, dadu, rula na kitabu cha sheria.

Wenye nyumba kubwa hucheza na wanajeshi wa urefu wa kidole, juu ya meza ya kulia watu kumi. Dale aliishi kwa shangazi yake Maureen, katika chumba ambacho mlango haufunguki mpaka aliyemo ndani apande kitandani. Kwa hiyo wanajeshi wake walikuwa wa milimita sita, kila mmoja sawa na punje ya mchele, wanne wanne wamegundishwa kwenye kibao. Uwanja wao ulikuwa meza ya kupigia pasi iliyotandikwa taulo la kijani. Kila inchi ya kitabu aliigeuza sentimita. Askari wa miguu alikwenda sentimita mbili kwa zamu, na vita vizima vilienea kati ya kitanda na kabati.

Mpinzani wake alikuwa mzee Norman Thackray, aliyestaafu kiwanda cha chuma. Alikuwa amecheza miaka hamsini, lakini mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka na brashi haikumtii tena. Ndiyo maana jeshi la mwisho alilonunua, watu mia moja tisini na wawili wa mikuki na bunduki, alimpa Dale alipake rangi na aliweke liwe lake.

Siku hiyo Dale alilipanga juu ya taulo kwa mara ya kwanza. Norman akainama na lenzi yake. Akaipitisha safu hadi safu.

"Umewapa macho," akasema.

"Wote, babu. Kwa brashi ya unywele mmoja. Nani mwingine Yorkshire nzima anaweza?"

Kwa ukubwa ule hakuna anayechora macho. Tone la rangi ya ngozi, uso umekwisha. Wachezaji wote wanajua, na wakiulizwa husema ni kwa sababu hayaonekani.

"Na huyu wa mbele, mwenye nywele nyekundu?"

"Ndiye mimi. Si unaona sura ya ushindi?"

"Yafute, Dale. Chupa ya rangi ya ngozi hiyo hapo."

"Una wivu, mzee. Mkono wako siku hizi hata sukari haifiki kwenye kikombe."

Norman hakucheka. "Ukimpa macho," alinong'ona, "anamwona anayemsogeza."

"Basi wataona mtu mzuri. Tupa dadu."

Wakaanza, Norman na jeshi lake la zamani lisilo na macho. Kulikuwa na daraja moja la kadibodi katikati, na anayelishika ndiye mshindi. Dale hakuwa na subira. Alisukuma wenye mikuki darajani, kibao nyuma ya kibao. Bunduki za Norman zikawapukutisha. Norman alipopoteza watu aliwalaza kwenye kitambaa, taratibu, kama anayelaza mtoto. Dale aliwatupa wake kwenye kopo la biskuti bila kuangalia.

Kling.

"Wapo wengine," alisema.

Kling. Kling.

"Usiwatupe hivyo," Norman alisema chini chini.

"Bati halilii, babu."

Zamu ya sita, chumba kilianza kunuka baruti. Dale alidhani ni chakula cha Maureen kimeungua jikoni. Zamu ya saba alisikia sauti nyembamba, mbali, kama birika linalokaribia kuchemka. Ilitoka kwenye kopo. Akaweka kifuniko juu na kuendelea. Wenye mikuki wake walikuwa wamejazana darajani, wamebanana. Chini yao taulo la kijani lilikuwa limelowa wekundu.

"Umemwaga rangi," Dale alisema.

"Sijagusa rangi."

Aligusa lile doa. Lilikuwa la moto.

Akanyoosha mkono kuchukua dadu. Alipoinua macho, jeshi lake lilikuwa limegeuka. Vibao vyote. Mikuki yote ilikuwa imemwelekea yeye.

"Babu, acha utani wako."

"Mikono yangu ipo mapajani, Dale. Toa wako mezani. Polepole."

Hakuwahi.

Mkuki wa kwanza uliingia chini ya ukucha wa kidole gumba. Uchungu wake ulikuwa wa mkuki mzima. Alipiga yowe na kuvuta mkono, mkono haukuja. Mikuki arobaini ilikuwa imeupigilia kwenye meza, kila mmoja mwembamba kuliko sindano, na waliouinamia walikuwa wakikandamiza kwa kifua, kwa miguu, kwa hasira. Akaona nyuso zao. Macho aliyoyachora mwenyewe yalikuwa yakipepesa.

Bunduki zikalia. Mlio ulikuwa mdogo, kama chumvi kwenye mafuta ya moto. Shavu lake likatoboka matundu mstari mmoja. Damu ikashuka nyembamba, nyuzi ishirini, thelathini. Kopo la biskuti likaanguka na kifuniko kikafunguka. Waliokufa walitoka wakikimbia. Wengine hawakuwa na vichwa.

Wakaingia mkononi mwa shati. Alihisi wanavyopanda. Walipofika kwapani walisimama, wakajipanga, wakakata. Dale alijirusha nyuma na nyama ya kiganja ikabaki mezani. Meza ya pasi ikaanguka. Yeye akaangukia mlango.

"Dale? Mpenzi?" Maureen alikuwa nje, anasukuma. Mlango ulisogea kidogo ukagonga mgongo wa Dale. Mlango ule, nimekwambia, ulitaka mtu awe kitandani.

Sakafuni walimfikia wote. Walimchoma vifundo vya miguu, nyuma ya masikio, fizi. Alifumba mdomo, wakachoma midomo. Alifumba macho, na kope zake zikaanza kutobolewa moja moja, kwa utaratibu, kama watu wanaovunja lango.

"Macho," Norman alijisemea. "Wanataka macho."

Alinyakua chupa ya rangi ya ngozi. Mikono ikitetemeka vile, asingeweza kumpaka hata mmoja. Hakupaka. Alimwaga. Aliimwaga chupa yote juu ya uso wa Dale, akaisambaza kwa viganja mpaka miguuni, akisugua, na kila aliyefunikwa macho alikauka pale pale na kuwa bati. Sauti ya birika ikapungua. Ikawa moja.

Hiyo moja ilikuwa ndani ya kichwa cha Dale.

"Kaingia," Dale alinong'ona. "Babu. Mwenye nywele nyekundu."

Jicho la kushoto halikuokolewa. Madaktari walitoa mwilini mwake vipande vya bati mia mbili na kumi, vyote vimechongwa ncha. Waliuliza mashine gani ya ghalani ilimlipukia. Norman alikusanya wanajeshi wa Dale sakafuni, akawahesabu mara tatu. Mia moja tisini na mmoja.

Aliyekosekana yumo kwenye picha ya eksirei. Mimi nimeiona, Dale alinionyesha. Nyuma ya tundu la jicho, ndani kabisa ambako daktari hathubutu kukata, kuna kitu cha milimita sita. Kimesimama wima. Daktari alisema chuma cha namna ile hakiendi popote, kitatulia, watapiga picha kila miezi mitatu kwa usalama tu.

Picha ya Mei, Norman aliiweka dirishani akaipima kwa rula ya mchezo. Kimesogea sentimita mbili. Picha ya Agosti, mbili nyingine. Kinakwenda kulia. Kutoka tundu lile mpaka jicho lililobaki ni sentimita sita.

Siku hizi Dale hajisifu. Ukipanda kwao utamkuta kitandani, kiganja amekibandika juu ya jicho zima, na Norman pembeni na brashi ya rangi ya ngozi, anajaribu kuituliza mikono kabla mwenye nywele nyekundu hajatokeza. Dale alimwuliza mara moja tu, mbele yangu.

"Zamu ijayo lini?"

Mzee aliosha brashi, akaikausha.

Picha ya Novemba Dale amekataa kwenda kupiga. Asubuhi ya leo Maureen alikuwa akibadilisha foronya. Akaniita nije nione. Upande anaolalia jicho zima kulikuwa na nukta ya rangi nyekundu, ndogo kuliko kichwa cha pini. Nikaigusa.

Ilikuwa bado mbichi.