Alama Isiyotoka kwenye Chuma

Kipuri kilitoka kwenye asidi kikiwa cheupe, isipokuwa mahali pamoja.

Mjane alikisuuza, akakiinua dirishani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake pale karakanani: vyuma vya stenlesi vikishakerezwa na kuchomelewa hubaki na utando wa rangi ya moshi, naye huvitumbukiza kwenye tangi la asidi mpaka uondoke. Kabla yake ilikuwa kazi ya marehemu mumewe. Sasa utando wote ulikuwa umekwenda, ikabaki alama nyeusi ya kiganja, kidole chake cha mwisho kikiishia kwenye pingili ya kwanza.

Mashine iliwahi kumkata mumewe kidole hicho hicho.

Akakitumbukiza tena. Alama ikatoka nyeusi zaidi.

"Shemeji," aliita kwa sauti ya chini.

Mdogo wa marehemu, fundi waliyemwita Kobe kwa uzito wa mwendo wake, akaja, akatazama, akarudi nyuma upesi kuliko alivyowahi kwenda popote.

"Kitupe."

"Nimtupe kaka yako?"

"Kaka yangu nilimwosha kwa mikono hii, nikamwingiza kaburini. Aliyekufa yuko kwa Mola wake, shemeji. Huyo ni mwigaji."

Hakukitupa. Alikifunga kwenye kitambaa, akaenda nacho nyumbani, akakilaza upande wa kitanda uliokuwa mtupu. Upweke ni mshauri mbaya.

Jioni ile nyumba ilianza kunuka asidi. Binti yake akaacha kula.

"Mama, nani anakohoa chumbani?"

"Hakuna mtu, mwanangu. Kula."

"Ni baba. Ameniomba nimpe mkono."

Kijiko kikamponyoka mama.

Kulipokucha alikuwa mbele ya tangi, Kobe nyuma yake akisoma aya kwa kunong'ona, naye akakitumbukiza kipuri kwa koleo, na asidi ikaanza kutokota bila moto, na kutoka chini ikapanda sauti aliyolala akiisikia miaka yote ya ndoa, ikimwita mke wangu, ikisema inaungua, ikimwomba avue glavu amvute, na machozi yakimtiririka chini ya miwani ya kazi akazidi kukandamiza koleo, akalitaja jina la Mungu mpaka koo likakauka, mpaka sauti ile ya tangini ikakatika na tangi likatulia.

Kipuri kikatoka cheupe chote.

"Mwigaji amekwenda," alisema Kobe.

"Amekwenda wapi, shemeji?"

Kobe akainama kutazama ndani ya tangi.

Mjane alivua aproni, akakimbia. Binti alimpokea mlangoni akicheka, akamnyooshea mkono. Kwenye kifundo palikuwa na alama nyeusi, kama ya mtu aliyemshika kwa nguvu. Mama alimwaga maji, akasugua, akasoma, akasugua. Haikutoka.

Ndipo akaitazama vizuri. Ilikuwa na vidole vitano, vyote vizima, hata cha mwisho.