Siku Hilaria Alipompiga Mtoto

Hilaria ana moyo laini kupita kiasi. Ninafanya naye kazi katika kituo cha kulelea watoto huku Makole, Dodoma, kwa hiyo ninamjua. Mtoto akimwaga uji, anamwekea mwingine. Mtoto akimng'ata, yeye Hilaria ndiye anayesema pole.

Mimi humtania. "Mama Hilaria, hawa watoto watakupanda kichwani."

"Waache wapande, Anjelina," hunijibu. "Kichwa ni changu."

Kila mzazi anayeleta mtoto kwa mara ya kwanza huambiwa na Hilaria, "Hapa mtoto hapigwi." Na kweli hapigwi.

Mwezi wa pili, mwenye kituo alimwita muuguzi mmoja aje kutufundisha namna ya kumwokoa mtoto aliyekosa pumzi. Muuguzi huyo anaitwa Bupe. Ni binti mdogo tu, mcheshi. Alikuja na midoli miwili mikubwa ndani ya begi.

"Shikamoo, mama," alimsalimia Hilaria.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Tuliketi kwenye mkeka. Bupe akatuuliza, "Mtoto akipaliwa na chakula, mnafanyaje?"

"Ninampigapiga utosini, taratibu," Hilaria alisema. "Kisha ninampa maji."

"Wengi tumelelewa hivyo," Bupe alisema. "Lakini kumpiga utosini hakumsaidii. Na maji hayapiti palipoziba. Wala usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi."

"Sasa nifanyeje?"

"Kwanza mwangalie. Kama anakohoa kwa nguvu au analia, hewa inapita. Mwache akohoe, kaa naye karibu. Mtoto wa kuogopa ni yule aliyenyamaza. Anataka kukohoa, hawezi. Anataka kulia, sauti haitoki. Huyo msaidie papo hapo, na mwenzako akimbilie kuita msaada."

Bupe alimwinamisha mdoli mbele, kichwa kikawa chini kuliko kifua. Akampiga kati ya mabega kwa sehemu ngumu ya kiganja, ile iliyo karibu na kifundo cha mkono. Alipiga mara tano, kwa nguvu kweli.

"Kilichomkwama kisipotoka, kaa nyuma yake. Weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, vuta ndani na juu. Mara tano tena. Kisha rudi mgongoni. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka usimminye tumbo. Huyo mgeuze chali, umkandamize katikati ya kifua kwa vidole viwili."

Ikawa zamu ya Hilaria. Lo! Alimgusa yule mdoli kama anayemlaza usingizi. Mimi nilicheka. Bupe hakucheka.

"Mama, hapo unambembeleza."

"Nipige zaidi ya hapo? Nimuumize mtoto wa watu?"

"Mgongo utauma, kisha utapona. Akikosa hewa dakika chache tu, atakufa mikononi mwako."

Hilaria alijaribu tena. Mkono ulikuwa uleule. Lakini kwenye kumpulizia mdoli pumzi alituzidi wote. Alimlaza chali, akainua kidevu, akabana pua, akafunika mdomo kwa mdomo wake na kupuliza polepole mpaka kifua kikanyanyuka.

"Puliza mara tano," Bupe alisema. "Akiwa bado hapumui, kandamiza kifua mara thelathini, upulize mara mbili. Endelea hivyo mpaka apumue au msaada ufike."

Wiki iliyofuata, Nurdini alikuja na zabibu kwenye kikopo chake. Ulikuwa msimu, na zabibu zilijaa kila kona ya Dodoma. Nurdini ana miaka miwili. Mama yake, Shakila, hufanya kazi ofisini mjini. Mtoto alikuwa anakula huku akicheka na wenzake. Ghafla akanyamaza.

Macho yalimtoka. Hakukohoa. Hilaria alimdaka, na mkono wake ukaenda moja kwa moja utosini.

"Mgongoni, mama!" nilimwambia.

Alimwinamisha, akampiga. Kofi lilikuwa jepesi mno. Midomo ya Nurdini ilianza kuwa ya bluu. Nilikuwa ninakimbilia nje kuita bajaji nilipomsikia Hilaria akisema, "Nisamehe, mwanangu."

Kisha akapiga. Nilisikia kishindo mpaka getini.

Niliporudi na dereva, alikuwa amefika kwenye tumbo. Alivuta mara ya tatu, na zabibu nzima ikaruka mkekani. Lakini Nurdini alikuwa amelegea, hapumui. Niliogopa, sitaki kudanganya. Hilaria alimlaza chali, akaangalia mdomoni, akainua kidevu, akapuliza. Akapuliza tena. Pumzi ya tatu ilipoingia, mtoto alikohoa, akaanza kulia. Kilio kile kilinifurahisha kuliko wimbo wowote.

Tulimpeleka hospitali hata hivyo, kama Bupe alivyotuagiza, kwa sababu tumbo na mapafu lazima vichunguzwe. Daktari alimkuta salama. Shakila alifika mbio, akamkumbatia mwanawe. Alipomfunua shati, aliona mgongo umekuwa mwekundu.

Hilaria alisimama mbele yake, machozi yanamtoka.

"Mama Nurdini, nimempiga mtoto wako. Nimempiga kwa nguvu zangu zote."

Shakila alimshika mikono yote miwili, akaibusu. Kisha akasema, "Nifundishe na mimi, mama. Nyumbani huwa niko naye peke yangu."

Siku hizi kituoni kwetu zabibu hukatwa vipande vinne kwa urefu, na karanga nzima hatumpi mtoto mdogo. Watoto wote hula wakiwa wamekaa.

Jumamosi ya wiki ileile Bupe alirudi na midoli yake, na wazazi wakajaa hadi barazani. Shakila alifika wa kwanza. Alimkabidhi Hilaria mtoto, akavua viatu, akapiga magoti mbele ya mdoli. Nurdini alisinzia begani kwa Hilaria. Nilipomwambia akamlaze chumbani, alikataa. Alisema anataka kumsikia akipumua.