Kiti cha Majengo

Ukungu ulikuwa bado umeufunika mji wa Maua Amira alipomfunga mdogo wake Mbarak vifungo vya sweta, akamshika mkono, wakatoka. Baba yao, Khalifa, alikuwa ameshakwenda buchani kupokea nyama. Zamani safari yao ya shule ilikuwa fupi. Walishuka kijia cha nyuma ya msikiti na kuingia kwa lango la chini. Sasa lango hilo lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, na watoto wote wa mtaa wa Majengo walizunguka kwa barabara kuu, mahali pikapu za miraa zilipokwenda mbio kuwahi soko la Nairobi.

Lango lilifungwa kwa uamuzi wa bunge la wanafunzi. Mbuzi walikuwa wakiingia na kula mboga katika shamba la shule, wabunge wakapendekeza lango lifungwe, na mwalimu mkuu akakubali. Hakuna mbunge aliyepinga, kwa maana hakuna hata mmoja aliyelitumia. Shule nzima ilipiga kura kwa pamoja, na kila mwaka walioshinda walikuwa watoto wa vijiji vya mlimani, kwani ndio waliokuwa wengi. Amira, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, alikuwa amegombea na kushindwa, akagombea tena, akashindwa tena.

"Si uwaambie wafungue lango?" Mbarak alimuuliza asubuhi hiyo.

"Nitawaambia nikiwa nani?" Amira alijibu kwa uchungu.

Walikuwa wamefika kwenye kona. Honi ililia ghafla ndani ya ukungu. Amira alimvuta Mbarak, lakini mkono mdogo ulimponyoka. Pikapu ilipita kama upepo, haikusimama. Amira alimkuta mdogo wake ndani ya mtaro, mguu mmoja umejikunja vibaya chini yake.

Hospitalini daktari alisema kweli bila kuificha: mfupa ungeunga, lakini Mbarak angechechemea maisha yake yote. Khalifa alikaa kwenye benchi na koti lake jeupe la buchani. Amira alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Nilimwachilia, Baba. Ni mimi."

"Hapana, mwanangu. Hukumwachilia. Wewe ulimvuta, na Mungu anajua."

Maneno hayo hayakumpoza. Siku zote alizokaa kando ya kitanda cha Mbarak, chakula kilimshinda. Kila aliposikia honi barabarani, alishtuka.

Aliporudi shuleni, Kirimi, rais wa wanafunzi, alimfuata karibu na tangi la maji. Alikuwa kijana wa mlimani, mwenye roho nzuri.

"Pole sana, Amira. Tumeongea sisi wabunge. Chukua kiti changu bungeni, mimi nitajiuzulu."

Moyo wa Amira uliruka. Kiti alichokitaka miaka yote kilikuwa mbele yake! Lakini aliuliza, "Mbona unanipa?"

"Kwa sababu ya Mbarak. Kila mtu anakuhurumia."

"Asante, Kirimi. Lakini huruma ni kama mvua, hunyesha ikaisha. Mwakani mtakuwa mmesahau, na Majengo itarudi kuwa bubu."

Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Nyamu, aliyewafundisha Somo la Jamii. "Mwalimu, sitaki kiti cha kuhurumiwa. Nataka Majengo iwe na kiti chake yenyewe, awe yeyote atakayekikalia."

Mwalimu Nyamu alimtazama, kisha akaenda kuzungumza na mwalimu mkuu. Wiki iliyofuata aliwakusanya wanafunzi, akachora ramani ubaoni. Aliigawa katika maeneo, kila eneo na mbunge wake. Vijiji vya mlimani vilipata maeneo mengi. Majengo ikawa eneo moja dogo.

Kirimi aliinua mkono. "Mwalimu, Majengo ni wachache sana. Si wahenga walisema wengi wape?"

"Walisema, na wengi mtapewa," Mwalimu alijibu. "Viti vingi ni vyenu. Lakini wengi wape si kusema wachache wazibwe midomo. Hata nchini, majimbo ya ubunge hutakiwa kukaribiana kwa idadi ya watu, ila sheria inaruhusu tofauti kiasi. Huangaliwa pia watu wanaishi wapi na wana mambo gani yanayowaunganisha. Jimbo la nyika lenye watu wachache waliotawanyika linaweza kuwa na mbunge wake. Bila hivyo, nani angesimama kueleza shida yao?"

Kirimi aliinamisha kichwa. "Sisi hatukuwahi kulipita lile lango," alisema polepole.

Uchaguzi mpya ulifanyika. Amira alikuwa na hakika ya kushinda. Lakini watoto wa Majengo walimchagua Rahema, msichana mpole wa Gredi ya Sita. Wakati Amira yuko hospitalini, Rahema alikuwa amepita nyumba hadi nyumba akiuliza watu wanataka nini.

Siku ya kikao Rahema alisimama, akaeleza habari za barabara, za ukungu na za Mbarak. Akaomba lango lifunguliwe na liwekwe komeo ambalo mbuzi hawataweza kulisukuma. Kirimi alikuwa wa kwanza kuunga mkono. Kabla wiki haijaisha, mnyororo uliondolewa.

Jioni hiyo Amira alikaa buchani, uso umemshuka.

"Lango liko wazi," alimwambia baba yake. "Lakini kiti nilikidai mimi, Baba, na amekikalia Rahema. Na mguu wa Mbarak hautanyooka."

Khalifa aliweka kisu chini, akapangusa mikono.

"Mguu hautanyooka, ndiyo. Hilo tutalibeba. Lakini niambie, ulidai kiti cha Amira au cha Majengo?"

"Cha Majengo," alinong'ona.

"Basi umekipata. Haki unayoidai kwa ajili yako peke yako, mwanangu, ukiondoka inaondoka nawe. Unayowadaia wenzako itabaki, hata aketi mwingine. Kesho nenda ukamsaidie Rahema. Kazi yake ndiyo kwanza inaanza."